Waya wa Jumapili

Jumapili, 1 Machi

Mama ameganda tena. Safari hii aliganda akiwa amefungua mdomo, mkono mmoja hewani, kama mtu aliyepigwa picha bila kuambiwa. Sauti yake iliendelea kidogo peke yake, ikasema "mwisho wa mwezi wa tano, kwa hiyo," kisha nayo ikakatika. Nilimwangalia hivyohivyo alivyo mpaka kompyuta ikaandika kwamba simu imekatika.

Baadaye alituma barua pepe. Kwenye ile nyumba ya kutunza wazee anakofanya kazi, huko Ujerumani, wanataka abaki asomee uuguzi. Miaka mitatu. Mkataba wake wa sasa unaisha Julai, na jibu wanalitaka kabla Mei haijaisha. Mwishoni ameandika: "Hili si jambo la kuandikiana, Wolfgang. Barua zako ni nzuri mno, kama za mwalimu, nikizisoma sikuoni wewe. Tutaongea kwa mdomo."

Ndiyo maana nimeanza kuandika humu. Kwa mdomo siwezi.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua. Nilijua jibu la swali la Baiolojia. Sikunyoosha mkono.

Jumatano, 4 Machi

Nieleze mambo yalivyo, nisije nikajidanganya nikisoma baadaye.

Naishi na Aama, bibi yangu mzaa mama, hapa Endagikot. Tuko wawili tu na ng'ombe. Baba ana mji mwingine Masakta, kule Hanang, na humu simwandiki. Kompyuta yetu ni ile iliyokuwa ofisi ya parokia, kubwa, ya zamani, haiwezi kupokea mtandao bila waya. Mtandao unatoka dukani kwa Mzee Hamis, jirani yetu wa barabarani anayechapa na kutoa kopi. Waya wa bluu unatoka kwenye dirisha lake la nyuma, unapita juu ya ua wa minyaa kwenye nguzo za miti, unaingia dirishani kwetu. Mama alipatana naye kabla hajasafiri. Jumapili nachomeka, tunaongea, halafu Aama anachomoa na kuutundika kwenye msumari wa mlangoni. Katikati ya wiki hauguswi.

Jina langu nilipewa kwa ajili ya daktari Mjerumani aliyemzalisha Mama. Sasa Mama yuko kwenye nchi yenye akina Wolfgang wengi. Mmoja wa wazee anaowaogesha anaitwa hivyo, na haitiki mpaka aitwe mara tatu. Kila asubuhi Mama anaita jina langu, na anayeitika ni mzee wa miaka themanini na kitu.

Jumapili, 8 Machi

Picha ilikuja vipandevipande. Aama alisalimia, akauliza kama huko kuna baridi, akatoka. Huwa hakai.

Mama aliniuliza, "Wewe unaonaje? Nibaki au nirudi?" Nilikuwa na sentensi nzima, niliifanyia mazoezi tangu misa. Haikutoka. Akasubiri, akasema, "Wolfgang? Mtandao unakwama?"

Wakati ule mtandao haukukwama. Nilisema, "Ndiyo Mama, unakwama."

Jumatatu, 9 Machi

Najiona mwizi.

Jumapili, 15 Machi

Wote tulikuwa tunasema ni mvua. Aama anasema mvua ikinyesha hata redio inakohoa. Leo jua limewaka tangu asubuhi, tope limeanza kukauka mpaka linapasuka, na Mama aliganda mara nyingi kuliko siku zote. Kwa hiyo si mvua. Ni kitu kingine, na kama ni kitu, kinaweza kutafutwa.

Nimeamua hivi: kwanza mtandao uwe mzima. Ukiwa mzima, nitasema.

Jumanne, 17 Machi

Nilikwenda dukani kumwuliza Mzee Hamis kama na yeye mtandao wake ni wa polepole. Nikamkuta Safina, binti yake, tunayesoma naye kidato cha tatu. Akauliza nataka nini. Nikanunua kalamu.

Alhamisi, 19 Machi

Nina kalamu mbili mpya.

Jumamosi, 21 Machi

Leo nilimpata Mzee Hamis mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, nikabaki nimesimama. Alikuwa anamfungulia mteja fomu za chuo, na kurasa zilikuwa zinafunguka kabla hajaondoa kidole. Niliona kwa macho yangu. Nikarudi nyumbani bila kuuliza kitu.

Nilimweleza Aama. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Alisema mtu wa dukani ni mtu wa kupima: sukari anapima, chumvi anapima, na hicho nacho lazima atakuwa anakipima, anatuachia chenga. Nilicheka, lakini neno limeniingia. Sasa nikipita mbele ya duka namwona Mzee Hamis kama mtu aliyemkalia Mama.

Jumapili, 29 Machi

Siku mbaya. Likizo ya Pasaka imeanza, kwa hiyo nilichomeka waya mapema, nikawasha kompyuta, nikaenda kukata majani ya ng'ombe, nikijua Mama hupiga saa kumi. Niliporudi saa kumi kasoro, Aama alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, amejifunga kanga vizuri, mikono imekaa pamoja. Alisema kile kitu kimelia, kimelia, na yeye hakujua pa kushika. Akakisalimia tu.

Nilifungua barua pepe. Mama ameandika kwamba huko usiku wamesogeza saa mbele, hufanya hivyo kila mwaka, na alisahau kuniambia. Saa yake ya kupiga ni ileile, ila kwetu sasa ni saa tisa. "Nilipiga mpaka wenzangu wakaniita kazini. Kama una shughuli zako, mwanangu, niambie tu."

Nilimjibu barua ndefu kuhusu saa. Nilieleza vizuri sana. Kuhusu shughuli zangu, kwamba sina hata moja, sikuandika.

Alhamisi, 2 Aprili

Kitabu cha kompyuta cha shuleni kina sura moja tu ya mitandao ya waya, lakini inatosha. Kuna ukurasa kwenye mipangilio unaoonyesha kasi ambayo kompyuta na waya vimekubaliana. Kwa waya kama wetu inapaswa kuwa 100. Nimemwomba Aama ruhusa nikachomeka waya, na yetu inasoma 10. Mara nyingine inapanda 100, inakaa kidogo, inashuka tena, kama mtu anayejaribu kubeba gunia lililomshinda.

Kitabu kinasema: chunguza kompyuta, chunguza kifaa cha upande wa pili, chunguza waya. Kimoja kimoja.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Mama alivaa gauni la kanisani ili tulione. Tuliona bega moja. Hakuuliza tena kama abaki au arudi. Aliuliza habari za ndama.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimefanya jambo ambalo mwezi uliopita nisingeweza. Niliifunga kompyuta kwa blanketi, nikaipakia kwenye toroli, nikaisukuma mpaka dukani. Ni karibu, lakini vijana wa boda boda walikuwa wamejaa pale njia panda. Mmoja aliuliza kwa sauti mgonjwa anapelekwa hospitali gani. Mwingine akamwambia anyamaze, haoni mgonjwa amefunikwa uso, huyo tayari. Niliendelea kusukuma, masikio yakinichoma.

Mzee Hamis hakucheka. Aliichomeka kompyuta yangu kwa waya mfupi, pale pale mezani kwake. 100. Haikushuka hata mara moja. Kurasa zilifunguka kama kwake.

Kwa hiyo kompyuta ni nzima, na yeye hana kosa. Nadhani aliona kitu usoni mwangu, maana aliniangalia kwa muda, halafu akasema, "Ulidhani nakupimia?"

Nikasema samahani. Sauti haikutoka vizuri, nikairudia.

"Mama yako akiwa hewani mimi huwaambia hata wateja wasubiri," alisema. "Jumapili saa tisa, hapa hakuna kupakua kitu. Muulize Safina."

Nilirudi na toroli. Vijana walisema, naona amefufuka. Walisema vizuri, sikuwachukia.

Jumamosi, 11 Aprili

Umebaki waya.

Jumanne, 14 Aprili

Nimetazama waya wote kwa macho, kutoka dirishani kwetu mpaka ukutani kwa duka. Hakuna ulipochunwa. Haugusi bati. Mbuzi hawaufikii. Vichwa vyake vya plastiki vyote viwili vinashika vizuri. Ugonjwa uko ndani, pasipoonekana.

Kitabu kinasema pinda waya taratibu, sehemu kwa sehemu, huku ukiangalia kasi. Nimepinda kwenye nguzo ya kwanza, nikakimbia ndani kuangalia. 10. Nikakimbia nje, nikapinda mbele kidogo, nikakimbia ndani. 10. Pengine ilibadilika wakati niko njiani, sijui. Mvua ikaanza. Aama akasema sakafu yake imegeuka kuwa shamba la mpunga.

Kupima waya kunahitaji watu wawili, mmoja aguse na mwingine aangalie. Kitabu hakisemi hivyo popote. Nadhani aliyekiandika alikuwa na mtu.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua. Ukungu mpaka saa sita.

Jumapili, 26 Aprili

Mama hakupiga, alibadilishiwa zamu. Aama aliuondoa waya kwenye kompyuta hata hivyo, akaukunja, akautundika. Nilimwambia leo haukutumika. Akasema hata hivyo ulikuwa chini.

Jumatano, 29 Aprili

Safina aliniuliza darasani, mbele ya watu, "Kwani kwenu mnakimbizwa na nini? Naona mtu anaingia, anatoka, anaingia, anatoka, na mvua yote ile." Wenzake wakacheka. Mimi nilifungua daftari la Jiografia nikaanza kuchora mstari ambao haukuhitajika.

Amekuwa akinicheka tangu kidato cha kwanza, kwa sababu ya jina, kwa sababu ya kuongea kwangu. Au nadhani ananicheka. Leo, nikiwaza, sikumbuki kama yeye alicheka. Walicheka wenzake. Yeye alikuwa anasubiri jibu.

Jumapili, 3 Mei

Mama: "Wenzangu wawili wamekwisha kusaini." Akaganda. Sijui alikuwa na uso gani.

Alhamisi, 7 Mei

Nilimngoja Safina nje ya geti la shule mpaka wenzake wakatangulia. Nilikuwa nimepanga kumweleza yote kwa utaratibu, kasi, waya, sehemu kwa sehemu. Nilichosema ni, "Njoo uangalie namba."

Alinitazama. "Namba gani?"

"Ya waya."

"Unajua hiyo ndiyo sentensi ya kwanza umeniambia tangu Form One? Na ni ya waya." Akaweka begi begani. "Jumamosi. Ila mimi ndiye nitashika waya, wewe ndiye utakaa kwenye namba upaze sauti. Nimechoka kuambiwa kaa ndani."

Jumamosi, 9 Mei

Naandika yote, hata kama mkono utauma.

Safina alikuja baada ya chai. Alimwamkia Aama shikamoo, Aama akaitika marahaba na kumpa kigoda, yeye akasema amekuja kazini, si kukaa. Alianzia nguzo ya karibu na duka. Mimi nilikaa mbele ya namba. Kila alipopinda, nilitakiwa niseme. Nikasema. Akapiga kelele kutoka nje kwamba hasikii. Nikasema tena.

"Unanong'ona kama mtu aliyeko msikitini," alisema. "Waya wenyewe haukusikii."

Nikapaza. "KUMI." Kuku wakakimbia. Nilishangaa kwamba sauti ile ilikuwa yangu. Akapinda nguzo ya pili. Kumi. Ya tatu. Kumi. Tukafika dirishani, bado kumi. Nilianza kuogopa kwamba tutamaliza waya wote bila kupata kitu, na Jumapili zimebaki chache.

Akaingia ndani. Kutoka dirishani mpaka kwenye kompyuta kuna kipande kirefu kilicholala sakafuni, kile ambacho Aama hukikunja kila Jumapili. Safina alikishika katikati ya vidole viwili, akakipitisha taratibu, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Akasimama. "Huku kuna mkunjo. Na huku. Na huku tena." Mikunjo ilikuwa imepangana sawasawa, kama urefu wa mkono mpaka kiwiko. Akaunyoosha mmoja kwa nguvu akaushikilia.

100.

Akaachia. 10. Akashika. 100. Nilipiga kelele kila mara, nadhani hata njia panda walisikia.

Ndipo Aama alipoingia kutoka jikoni kuuliza ni mia gani hiyo. Safina, bila kujua anachosema, akamwonyesha: "Bibi, ni huu mkunjo. Kuna mtu anaukunja huu waya kama kamba ya kufungia ndama."

Ni kweli. Na mimi nimekuwa nikimwona akifanya hivyo mwaka mzima. Anauzungusha kati ya kiganja na kiwiko, anaukaza, anauvunja katikati, anaupiga fundo kwa goti, kama anavyofanya kamba zote za nyumba hii. Kamba haiachwi imelala, husema, asubuhi utaitafuta na ndama amekwenda. Nilimwona, nikashukuru kwamba bibi yangu ni mtu nadhifu. Nikaenda kumshuku mtu wa dukani.

Aama alikaa kwenye kile kigoda alichompa Safina. Alisema polepole, "Kwa hiyo ni mimi ninayemkata Philomena, mwanangu."

Nilitakiwa niseme hapana, na nikanyamaza. Safina ndiye aliyechuchumaa mbele yake akasema, "Hapana bibi. Ni waya una roho ndogo. Kamba ya ng'ombe ingevumilia."

Aama hakucheka. Alikwenda zizini, na haikuwa saa ya kukamua.

Jumapili, 10 Mei

Mama alipiga. Nilishika mkunjo kwa mkono mmoja muda wote, ukateleza mara mbili. Nilimwambia tumepata ugonjwa, utatengenezwa wiki hii. Akasema, "Umesema kwa sauti leo." Akasema pia jibu lake atalipeleka Jumanne ya tarehe ishirini na sita. Mkunjo ukanitoka mkononi na picha ikaondoka.

Baadaye niliuchomoa waya mwenyewe. Aama alikaa mbali, mikono mapajani, hakutaka kuugusa. Iliniumiza kuliko chochote. Mwaka mzima nilidhani hazipendi simu hizi, maana husalimia na kutoka. Nikamwomba anisaidie kuuweka. Akasema hapana, atauharibu. Nikakaa chini karibu naye, na aliyeongea ni yeye.

"Mimi kwenye kile kioo sijui kuongea," alisema. "Naona aibu. Lakini mama yako akishaondoka, kilichobaki hapa ni hiyo kamba yake. Ningeiacha chini?"

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi sijui kuongea kwenye kioo. Nilimwambia. Akasema anajua, tulitoka kwenye chungu kimoja.

Jumatano, 13 Mei

Mzee Hamis alikuja na koleo la waya. Alikata kipande chote chenye mikunjo, akafunga kichwa kipya kwenye kilichobaki. Namba ikasimama 100. Alimwambia Aama kwamba hata yeye mara ya kwanza alikunja waya wa duka zima akaufunga kwa mpira. Sijui kama ni kweli. Aama alimpa maziwa.

Waya sasa ni mfupi, unaishia dirishani. Tumesogeza meza pale. Dirisha linatazama uani, Aama anakopikia, na njia ya watu wanaokwenda kisimani. Kila nitakachosema kitasikika.

Jumapili, 17 Mei

Umeme ulikatika tangu asubuhi mpaka jioni. Nilikaa mbele ya kioo cheusi nikijiona mwenyewe.

Alhamisi, 21 Mei

Mahindi yameanza kubadilika rangi. Safina aliniuliza kama nimeshasema. Nilimweleza juzi, njiani, kwamba kuna kitu cha kusema. Nikasema bado. Hakunitania. Alisema mama yake mwenyewe yuko chumba cha pili na kuna mambo hajawahi kumwambia.

Jumamosi, 23 Mei

Nilisema mtandao ukiwa mzima nitasema. Mtandao ni mzima. Sina pa kujificha, na naogopa kuliko wakati ule namba ilipokuwa kumi. Nikinyamaza kesho, Jumanne atasaini miaka mitatu, akidhani kijana wake hana neno.

Lakini pia najua uuguzi ni kitu kizuri. Mama aliutaka tangu akiwa msichana, Aama ameniambia. Mimi ni nani wa kumvuta?

Jumapili, 24 Mei. Pentekoste

Saa tisa kamili kompyuta ililia, na Mama akaja mzima.

Sijui niandikeje. Sikuwa nimemwona tangu aondoke. Nilikuwa nimeona vipande. Ana mvi pembeni ya paji. Ana alama ya kitu kilichombana puani, labda barakoa. Amekonda shingo. Nyuma yake kuna dirisha lenye pazia la kijani. Na yeye alikuwa ananiangalia hivyohivyo, kipande kwa kipande, mpaka akasema, "Ni ndevu hizo?" Nikasema si ndevu, ni uchafu. Tulicheka pamoja, kwa wakati mmoja, haikuwahi kutokea.

Aama alisalimia. Leo alikaa kidogo zaidi, akamwonyesha kichwa kipya cha waya, akatoka kwenda kupukuchua maharage hapo nje.

Mama akasema keshokutwa anakwenda ofisini. Kisha akasubiri. Nilijua ananiachia nafasi. Watu wawili walipita na ndoo, wakachungulia. Sentensi yangu yote ya mazoezi ilikuwa imekwenda. Nilimtazama, naye akanitazama, na muda ukapita mwingi.

"Wolfgang?" alisema. "Mtandao unakwama?"

Pazia la kijani lilikuwa linacheza nyuma yake kwa upepo. Hata nyuzi zake niliziona.

"Hapana," nikasema. "Mtandao ni mzima. Ni mimi nimenyamaza."

Akasogea karibu na simu yake.

"Hata zile siku nyingine," nikasema. "Siyo zote, lakini nyingine nilikuwa nimenyamaza tu, nikasingizia. Najua unataka kusoma. Ndiyo maana sikusema. Lakini Mama, usisaini. Rudi."

Ningekuwa na waya wa zamani ningesema ameganda, lakini macho yake yalikuwa yanapepesa na pazia lilikuwa linakwenda. Alijifuta uso kwa kiganja, kuanzia juu mpaka kidevuni.

"Nilidhani umezoea," alisema. "Nilipiga, ukawa kimya. Nikasema, mtoto amekua, amezoea, basi nisome."

"Sijazoea."

"Uuguzi hata huko nyumbani, Haydom, upo. Nitaanza huko nikishapumzika." Alikuwa kama anajiambia mwenyewe. Halafu akasema, "Sema tena."

"Hukusikia?"

"Nimesikia vizuri kabisa. Keshokutwa nawaambia hapana. Sema tena tu."

Uani, mlio wa maharage yakianguka kwenye ungo ulikuwa umekoma. Nikasema tena, kwa ile sauti iliyofukuza kuku.